Lori la rimoti: gia kubwa imepoteza meno matatu na shafti ya kulia haizunguki. Je, ninunue difu nzima?

Gurudumu wa Donholm

Ndugu zangu, salaam. Naomba msaada wenu kuhusu lori la rimoti la kipimo cha 1/10, linaloendeshwa kwa magurudumu mawili ya nyuma, ambalo binamu yangu aliniachia aliporudi masomoni ng'ambo. Lina mota ya brashi ya aina ya 540, betri ya lithiamu ya volti 7.4, na giaboksi ndogo ya nyuma inayobeba klachi ya kuteleza, gia kubwa ya plastiki na difu (seti ya gia inayogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili). Halikuja na kijitabu wala sanduku, na nembo iliyokuwa kwenye bodi imebanduka, kwa hiyo hata mtengenezaji wake simjui kwa hakika.

Jumapili iliyopita tulikuwa tukilichezesha kwenye kiwanja cha murram nyuma ya mtaa wetu. Liliruka kichuguu kidogo cha mchanga, na lilipotua nilikuwa bado nimevuta kifyatuo cha rimoti mpaka mwisho. Nilisikia mlio wa kukwaruza, kisha lori likasimama ilhali mota inaendelea kunguruma. Nilipofungua nilikuta gia kubwa imepoteza meno matatu yaliyopangana. Nikiisukuma kwa kidole ili pengo lipite, mota huishika tena kwa mzunguko mmoja, halafu pinioni, yaani ile gia ndogo ya mota, inarudi kuzunguka bure pale pale penye pengo.

Kinachonitatiza zaidi ni jambo la pili. Katika mzunguko huo mmoja, huku nimeliinua lori, shafti ya kushoto inageuka haraka lakini ya kulia haitikisiki. Nikiliweka chini, hakuna gurudumu linalovuta. Nilimwonyesha muuzaji mmoja wa vifaa hivi mjini picha nilizopiga kwa simu, naye akaniambia kwamba difu imekufa upande wa kulia, na kwamba ninunue difu nzima pamoja na seti ya gia za chuma kwa Sh 7,800 ili nisirudi kwake tena. Kwangu hizo si pesa ndogo. Ningependa kujua kama utambuzi wake ni sahihi, kama gia ya chuma kweli ni bora kuliko ya plastiki, na kama fundi wa jua kali anaweza kunichongea gia moja kwa mfano wa hii iliyovunjika, kwa kuwa siwezi kuagiza kipuri cha lori nisilolijua jina.

Binti Alenki, Kahawa West

Kaka Gurudumu, usitoe hata shilingi kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, upande wa kulia wa difu yako hauna kosa lolote, na mshukiwa wangu ni upande wa kushoto, ule unaozunguka.

Difu ya kawaida, inayoitwa ya wazi, haina njia ya kumlazimisha mvivu afanye kazi. Kazi yake ni kuruhusu magurudumu mawili yageuke kwa kasi tofauti kwenye kona, na kwa sababu hiyo mzunguko hukimbilia upande wenye ukinzani mdogo zaidi. Upande mmoja ukikosa ukinzani kabisa, mzunguko wote unaishia huko, tena kwa kasi maradufu, na upande wa pili unasimama ingawa ni mzima. Hata gari la kweli likizama gurudumu moja katika matope ya udongo mweusi kule Embakasi, linalozunguka ovyo ni lile lililozama, na lile lililokanyaga pakavu linatulia. Sasa jiulize ni kwa nini shafti yako ya kushoto haina ukinzani. Bila shaka ni kwa sababu imetengana na gurudumu lake.

Toa gurudumu la kushoto. Nyuma ya rimu utaona kitovu cha plastiki au cha alumini chenye pembe sita, ambacho katika malori ya 1/10 kwa kawaida kina upana wa milimita 12. Kitovu hicho hakishiki ekseli kwa msuguano. Kinashikwa na pini nyembamba ya chuma iliyopenya tundu la ekseli na kulala ndani ya mfereji wa kitovu. Pini hiyo ikikatika au ikidondoka, ekseli huzunguka ndani ya kitovu na gurudumu hubaki limetulia. Ikiwa pini ni nzima, angalia mfereji wa kitovu, maana ule wa plastiki huliwa ukawa duara. Ikiwa navyo ni vizima, rudi ndani hadi mahali shafti inapoingia kwenye kikombe cha difu, utazame kama ncha ya shafti ina pini yake pande zote mbili.

Ili ujiridhishe kuhusu difu yenyewe bila kuifungua, zuia gia kubwa isizunguke, kisha geuza kwa mkono kikombe kimoja cha difu. Kikombe cha pili lazima kigeuke kinyume chake, kwa ulaini, bila kuruka. Kikifanya hivyo, difu ni nzima. Kikikwaruza au kikiruka, ndipo uifungue.

Kuhusu kutambua gia bila jina la lori, hesabu meno yote kwa makini (weka alama ya kalamu kwenye jino la kwanza, usije ukahesabu mara mbili), kisha pima kipenyo cha nje kwa vernia kalipa, kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili. Gawa kipenyo hicho kwa idadi ya meno uliyoiongezea mbili. Jibu ndilo moduli ya gia, yaani kipimo cha ukubwa wa meno yake. Fanya hivyo hivyo kwa pinioni, na majibu yote mawili yanapaswa kukaribiana sana. Ukishakuwa na moduli, idadi ya meno, kipenyo cha tundu la katikati na upana wa gia, jina la lori halina umuhimu mkubwa. Kipuri kinanunuliwa kwa vipimo. Picha ya simu haikupi vipimo, na ndiyo maana siwezi kumlaumu sana muuzaji wako, ingawa Sh 7,800 kwa kukisia ni jambo la kushangaza.

Mkereza wa Kariobangi

Vijana, hamjambo. Nimekereza vyuma kwa muda mrefu katika karakana za Kariobangi Light Industries, na malori haya madogo ninayajua kwa sababu ya wajukuu. Nitajibu swali la kuchongewa gia, kwani naona watu wengi hupoteza pesa hapo.

Kukata gia hakufanywi kwa mashine ya kukereza peke yake. Kunahitaji mashine ya kusaga chuma, kichwa cha kugawanya mduara kwa idadi kamili ya meno, na kikata chenye umbo la jino la moduli ile ile. Karakana zetu zina vikata vya gia za mashine za posho, mashine za kusokota nyaya na giaboksi za magari, ambazo meno yake ni makubwa. Ukileta gia yenye meno membamba kama ya saa, fundi mwaminifu atakurudisha. Asiye mwaminifu atakukatia kwa tupa na msumeno, na gia hiyo itakula pinioni yako kabla jua halijatua. Kwa hiyo gia nunua. Usichongeshe.

Kuna vitu vitatu ambavyo karakana inaweza kukufanyia vizuri. Cha kwanza ni bushi au spesa ya shaba au ya chuma, endapo tundu la gia uliyoipata ni kubwa kuliko shafti yako. Cha pili ni ekseli fupi, mradi umlete fundi ile ya zamani. Cha tatu ni hiyo pini aliyoitaja Binti Alenki, na kwa pini huhitaji hata kunijia mimi. Nenda kwa fundi wa baiskeli aliye karibu nawe umwombe spoki moja kuukuu. Spoki nyingi zina unene wa milimita 2, ingawa zile za baiskeli nzito za mizigo huwa nene zaidi, kwa hiyo pima kabla ya kukata. Ikiwa tundu la ekseli yako ni la milimita 2, kata kipande chenye urefu sawa na wa pini nzima ya upande wa kulia, ulainishe ncha zake kwa tupa, na ukisukume ndani. Kinapaswa kuingia kwa kubanwa kidogo na vidole, bila nyundo.

Mtu ataniambia kwamba spoki ni laini kuliko pini ya kiwandani, na ni kweli. Itapinda mapema zaidi. Lakini mimi napendelea ipinde pini ninayoitengeneza kwa dakika tano kuliko lipasuke tundu la ekseli. Wengine hutumia mkia wa keekee ya milimita 2, ambao ni mgumu kiasi na hufaa pia. Msitumie sehemu yenye makali, kwa kuwa hiyo imechomwa ikawa ngumu kupita kiasi na hukatika bila kupinda. Msumari ni laini mno, hautamaliza hata betri moja.

Na jambo moja kuhusu gia za chuma. Si kila kinachong'aa ni chuma cha kweli. Nyingi za seti za bei nafuu zimemiminwa kwa aloi ya zinki, ambayo huvunjika kama biskuti, na nailoni nzuri huishinda kwa mbali. Ukiambiwa gia ni ya chuma, iguse kwa sumaku. Zinki haivutwi.

Gurudumu wa Donholm

Mzee, shikamoo. Dada Alenki, nakushukuru sana, maana umepatia kabisa. Nilipotoa gurudumu la kushoto, nusu ya pini ilianguka mezani na nusu nyingine ilikuwa imekwama ndani ya tundu. Difu nimeipima kwa namna ulivyoeleza, na kikombe cha kulia kinageuka kinyume na cha kushoto bila kukwaruza. Mtu wa mjini angenibadilishia kitu kizima na ugonjwa ungebaki pale pale.

Nimeazima vernia kalipa kwa jirani anayefundisha fizikia. Gia kubwa ina meno 54 na kipenyo cha nje cha milimita 44.8. Pinioni ina meno 14 na kipenyo cha milimita 12.8. Kwa hesabu yako, zote mbili zinatoa moduli 0.8. Duka moja lina gia ya meno 54, ila muuzaji anasema ni ya pichi 32 na hajui lolote kuhusu moduli, na lina nyingine ya pichi 48. Je, kuna inayoweza kunifaa?

Lazima pia nikiri jambo ambalo sikulisema mwanzoni. Nilikuwa nimeondoa kifuniko cha gia mwezi uliopita nikidhani mota itapata hewa zaidi. Pia nilikaza nati ya klachi hadi mwisho, kwa sababu ilikuwa ikitoa sauti ya kuteleza kila nilipoanza mwendo na mimi nikafikiri imelegea.

Binti Alenki, Kahawa West

Basi umejibu mwenyewe swali la kwa nini meno yalivunjika, na ni afadhali umelisema, la sivyo gia mpya ingekwenda njia hiyo hiyo.

Gia iliyovunjika huacha ushahidi. Meno yakiwa yamekonda pande zote kwa usawa, kosa ni vumbi au ni gia zilizoachwa mbali mno, zikawa zinagusana kwa ncha. Meno yakiwa yameyeyuka na kulala, zilikazwa zikabanana hadi zikapata joto, au mota yenyewe ilichemka. Meno machache yaliyong'oka mahali pamoja ni dalili ya pigo la ghafla. Wewe ulitua huku magurudumu yanazunguka kwa kasi yote angani. Ardhi ikayazuia papo hapo, mota ikaendelea kusukuma, na klachi ambayo kazi yake ni kuteleza wakati kama huo ulikuwa umeinyima ruhusa. Nguvu hiyo ikapita katika meno mawili matatu ya plastiki na katika pini moja. Huenda kokoto la murram nalo lilichangia, kwani uliliachia mlango wazi. Rudisha kifuniko, tafadhali. Mota hupozwa kwa pinioni ndogo na kwa mapumziko kati ya betri moja na nyingine, wala si kwa kuacha gia uchi katika vumbi la Nairobi.

Kuhusu duka, pichi ni hesabu ya Waingereza na Wamarekani, yaani idadi ya meno kwa kila inchi moja ya kipenyo cha mduara ambapo gia hukutania, na moduli ni hesabu ya milimita. Gawa 25.4 kwa pichi upate moduli. Pichi 32 inakupa takriban 0.79, ambayo iko karibu sana na 0.8 yako, na watu wengi huzichanganya bila tatizo kwenye malori. Pichi 48 inakupa takriban 0.53. Hiyo hata ukiilazimisha haitashikana. Gia ya meno 54 ya pichi 32 itakuwa na kipenyo cha nje cha milimita 44.45 hivi, kwa hiyo ukiipima dukani ukapata 44.4 au 44.5, ujue muuzaji amesema kweli. Chukua hiyo ikiwa tundu na mashimo ya klachi yanalingana. Ukibahatika kupata moduli 0.8 halisi, chukua hiyo badala yake.

Ukikosa 54, meno 52 au 56 pia yanaweza kufaa, mradi mota ina nafasi ya kusogea. Kila meno mawili unayoongeza au kupunguza hubadilisha umbali kati ya shafti mbili kwa milimita 0.8. Meno mengi kwenye gia kubwa hupunguza kasi ya mwisho na kuipunguzia mota mzigo. Kwa mtu anayecheza kwenye nyasi ndefu au mchanga, ningechagua 56 hata kama 54 ipo.

Sasa hatua ambayo watu huipuuza zaidi, nayo ni kupanga mwanya kati ya pinioni na gia. Legeza skrubu mbili za mota, weka ukanda wa karatasi ya daftari kati ya gia zote mbili, sukuma mota mpaka karatasi ibanwe barabara, kaza skrubu, kisha zungusha gia ili karatasi itoke. Inapaswa kutoka ikiwa na mikunjo midogo midogo ya meno lakini haijachanika. Ikichanika, zimekaribiana mno. Ikitoka laini, zimeachana. Baada ya hapo shika pinioni kwa vidole viwili, usiiruhusu igeuke, na utikise gia kubwa mbele na nyuma. Lazima pawepo na mchezo mdogo unaosikika kwa kidole. Rudia katika sehemu nne za mduara, maana gia za plastiki aghalabu si duara kamili, na upange mwanya wako kulingana na sehemu iliyobana zaidi.

Skrubu isiyo na kichwa inayoshika pinioni lazima ikae juu ya ubapa wa shafti ya mota. Ikikaa kwenye mviringo, pinioni itateleza hata uikaze namna gani. Shafti ya mota ya 540 ina kipenyo cha milimita 3.17, hivyo ukinunua pinioni uulize tundu hilo, usije ukauziwa ya milimita 5 ambayo ni ya mota kubwa. Tia tone dogo la gundi ya buluu ya kuzuia skrubu zisilegee kwenye skrubu hiyo na uache usiku mmoja. Ya nyekundu usiitumie, kwani utahitaji moto kuitoa. Usiiache pia imwagike kwenye plastiki, hasa bodi ya polikaboneti, kwa sababu huifanya ipasuke.

Hatimaye klachi. Hiyo sauti ya kuteleza uliyokuwa ukiisikia ni ya kawaida. Kaza nati hadi springi ibanwe, kisha uilegeze kidogo kidogo. Shika magurudumu yote mawili ya nyuma yasigeuke, ujaribu kuzungusha gia kubwa kwa dole gumba. Ikigoma kabisa umekaza mno, na ikizunguka bila taabu umelegeza mno. Uwanjani, ukianza mwendo kwa nguvu, iteleze kwa futi moja au mbili za kwanza, halafu ishike.

Rafiki wa Vumbi, Syokimau

Naomba niwe na maoni tofauti kidogo na ya Mzee Mkereza. Lori langu lina mota isiyo na brashi na betri ya volti 11.1, na kwa nguvu hiyo gia za plastiki zilikuwa zikiyeyuka kila baada ya wikendi mbili au tatu. Niliweka gia kubwa ya chuma cha pua pamoja na pinioni ya chuma kigumu, na tangu hapo sijafungua giaboksi kwa ajili ya meno. Ni kweli kwamba kelele imeongezeka hata majirani wananiuliza kama ninasaga mahindi. Lakini kuiambia jamii yote kwamba plastiki inatosha ni kuwasahau wenye mota kali. Nakubaliana kwamba klachi lazima iteleze, na bila hilo nisingethubutu.

Mkereza wa Kariobangi

Ndugu Vumbi, sikusema plastiki inawatosha wote. Nimesema zinki haifai. Tofauti yetu ni kwamba wewe umehamisha mahali pa kuvunjikia, na swali langu kwako ni hili: je, unajua umepahamishia wapi? Pigo lililokuwa likiishia kwenye gia ya shilingi mia chache sasa linapita hadi kwenye difu, kwenye vikombe au kwenye shafti. Kwa mtu mwenye vikombe vya chuma na shafti zenye viungo vya msalaba, sawa. Kwa kijana wetu mwenye vikombe vya plastiki na mota ya brashi, gia ya chuma ingemletea hasara ya kubadilisha difu ambayo muuzaji alitaka kumuuzia tangu mwanzo.

Mahali ambapo mimi mwenyewe ningeweka chuma bila kusita ni ndani ya difu, kwa zile gia ndogo nne au sita, kwa sababu zimefungwa ndani, zinaogelea katika mafuta, na hakuna anayezifungua kila wiki. Huko ndani tumia mafuta ya silikoni yaliyotengenezwa kwa ajili ya difu za malori haya. Nimeona watu wakimimina mafuta ya giaboksi ya gari kwa kubana matumizi. Zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasitoke zikiwa za silikoni, mafuta hayo ya gari huzifanya zivimbe, na baada ya muda difu inavuja. Gia kubwa na pinioni za nje, kinyume chake, ziendeshwe zikiwa kavu. Grisi ikikutana na vumbi la murram huwa kama msasa.

Rafiki wa Vumbi, Syokimau

Mzee, nimejua pigo lilikohamia. Mwezi uliopita nilibadilisha kikombe kimoja cha difu, pini ya shafti ilikuwa imekichimba hadi ikatoka nje. Bado naona ni bora kubadilisha kikombe mara moja kwa mwaka kuliko gia kila wikendi ya pili, lakini nakubali kwamba hesabu yangu si ya kila mtu.

Gurudumu wa Donholm

Nimerudi kuwapa habari. Pini ya spoki ilinigharimu shilingi 20 na robo saa ya kupiga tupa. Fundi wa baiskeli hakuamini kwamba ninaihitaji kwa gari la kuchezea, akanipa kipande cha pili bure. Gia ya pichi 32 ilipimwa milimita 44.4 pale pale dukani, muuzaji akinitazama kana kwamba ninanunua dhahabu, na mashimo yake ya klachi yakalingana. Nimenunua mbili ili moja iwe akiba. Mwanya nimeupanga kwa karatasi, na sehemu ya nne ya mduara ndiyo iliyobana zaidi, kama Dada Alenki alivyotabiri. Kifuniko kimerudi, klachi inateleza kwa karibu futi moja na nusu, na jana lori limemaliza betri mbili bila kukwaruza.

Limebaki jambo moja dogo. Nilipokuwa nikiweka pini niligundua kwamba beringi ya nje ya gurudumu la kushoto inakwaruza ikizungushwa kwa kidole na ina mchezo wa pembeni. Nimeipima: tundu milimita 5, kipenyo cha nje milimita 11, unene milimita 4.

Binti Alenki, Kahawa West

Hiyo ni MR115, kipimo cha kawaida sana katika malori haya. Peleka namba hiyo kwenye maduka ya beringi ya Kirinyaga Road au Industrial Area badala ya duka la vifaa vya kuchezea, na useme unataka yenye alama ya 2RS, ambayo ina vizuizi vya mpira pande zote mbili. Ile ya ZZ ina vizuizi vya bati, inazunguka kwa wepesi kidogo zaidi, lakini vumbi laini hupenya. Nunua nne, ubadilishe za magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja, maana ya kulia imepita katika murram ule ule. Usiioshe beringi mpya kwa petroli wala kuipulizia dawa ya kusafisha breki, kwani utaiondolea grisi iliyotoka nayo kiwandani.

Gurudumu wa Donholm

Nitapita Kirinyaga Road Jumamosi asubuhi kabla ya msongamano. Nitabeba ile ya zamani mfukoni pamoja na vernia ya mwalimu, ambaye sasa anataka kujua nitairudisha lini.